Twiga Aliyeuliza Kwa Nini Kinyonga Huyumba

Paukwa!

"Pakawa!"

Mmeshasinzia? Tena! Paukwa!

"Pakawaaa!"

Haya. Na wewe niachie kikombe changu. Chai ikimwagika ni yangu, na mkono unaotetemeka ni wangu. Sikilizeni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanaulizana maswali, aliishi Bi Twiga na bintiye, Mashavu. Bi Twiga alikuwa mdadisi. Akiona mdudu, anauliza: unakwenda wapi? Akiona wingu, anauliza: umetoka wapi? Shingo ndefu, maswali marefu.

Siku moja mguu wake wa mbele ukaanza kutetemeka. Tetete, tetete. Ajabu! Akisimama, unatetemeka. Akiutembeza, unatulia. "We mguu, una nini?" akauliza. Mguu, tetete tu. Baadaye mwili ukakakamaa. Hatua zikawa fupifupi, tiki-tiki-tiki. Na akifika mahali pembamba, kwato zinaganda ardhini kama zimenaswa na ulimbo. Akilazimisha, anaanguka. Pu! Na twiga akianguka, jamani, si mchezo. Kuinuka ni kazi ya nusu siku.

Mashavu akaona uchungu. Akamwegemeza mama begani. Akamletea majani mdomoni. "Mama, tulia tu. Usitembee." Bi Twiga akatulia. Akatulia siku, akatulia wiki. Miguu ikazidi kuwa mizito.

Kiangazi kikaja. Mto ukabaki matope. Jumbe, dume aliyeongoza kundi, akatangaza: "Mwezi ukipevuka tunahama. Maji yako ng'ambo ya Mlango wa Mawe."

Mlango wa Mawe! Majabali mawili makubwa, na kati yake upenyo wa kupita twiga mmoja mmoja. Wote wakamtazama Bi Twiga, kisha wakatazama chini.

"Mama asipopita, nami nabaki," Mashavu akasema.

Bi Twiga akaingiwa na hofu. Kubaki pale ni kufa kwa kiu. Yeye sawa, amekula chumvi nyingi. Lakini mwanawe?

Kesho yake asubuhi, akiwa amejiinamia, akamwona Kinyonga tawini. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Halafu hatua moja. Msitu mzima ulimcheka Kinyonga kwa mwendo huo. Bi Twiga hakucheka. Aliuliza.

"Bwana Kinyonga, kwa nini unayumba kabla ya kwenda?"

Kinyonga akazungusha jicho moja, kisha la pili. "Tangu nizaliwe hakuna aliyeniuliza. Wananicheka tu."

"Mimi nakuuliza."

"Basi sikia. Mguu uliobeba mwili hauinuki. Mimi nahamisha uzito kwanza. Mguu ukibaki mwepesi, ndipo nauinua."

Masikio ya Bi Twiga yakasimama. "Kumbe! Hata huu wangu?"

"Sijui. Tujaribu tuone."

Kinyonga akapanda, akakaa kwenye pembe ya Bi Twiga. "Panua miguu. Egemea huku. Egemea kule. Sasa inua juu, kama unavuka gogo. Shusha!"

Huku... kule... paa! Siku ya kwanza, hatua tatu. Mashavu akaja mbio kumshika mama.

"Simama karibu," Kinyonga akamwambia. "Akiyumba sana, mkinge. Lakini usimbebe. Ukimbebea uzito wake, atajifunza lini kuuhamisha?"

Mashavu akanuna, lakini akasimama karibu.

Ikawa kila asubuhi. Huku, kule, paa! Kugeuka, akageuka kwa duara pana. Magogo, akayavuka moja moja, akihesabu kwa sauti. Siku nyingine alianguka, akautukana mti usio na kosa. Kesho yake akarudi palepale.

Mwezi ukapevuka. Kulipokucha, kundi likaondoka. Kwenye Mlango wa Mawe, Bi Twiga akaingiza kichwa. Kwato zikaganda. Tetete, tetete.

"Haraka!" Jumbe akafoka kutoka nyuma. "Haraka, Bi Twiga!"

Kwato zikaganda zaidi. Vumbi linapanda, koo zimekauka, wanasukumana.

"Jumbe, nyamaza!"

Nani huyo? Mashavu! Binti mpole yule. Hakumsukuma mama yake, wala hakumwegemeza. Alisimama nyuma yake, akaanza kuyumba. "Huku, mama... kule..."

Bi Twiga akamsikia. Akaacha kugombana na mguu. Huku. Kule. Mguu ukawa mwepesi. Paa! Huku, kule, paa! Na nyuma yake kundi zima likawa linayumba, hata Jumbe mwenyewe, na hakuna aliyecheka. Bi Twiga akatokea upande wa pili. Akashuka mtoni, akapanua miguu, akainama, akanywa. Mwenyewe.

Mnauliza mguu ulipona? La. Uliendelea kutetemeka, tetete, tetete. Ila kila asubuhi, kabla ya kugusa maji, utamwona ukingoni: huku, kule.

Funzo ni hili. Mwili ukikugeuka, usiukalie kimya. Uulize, uufundishe upya, kila siku. Na wewe mwenye nguvu, kaa karibu na mgonjwa wako, lakini usimnyang'anye miguu yake.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa mto. Sasa nataka kusimama. Hapana, usinishike. Wewe simama karibu tu. Haya, wote pamoja nami: huku...

"Kule!"

Paa.