Talaso na Wageni Wawili

Hapo zamani, lakini si ile ya mababu, ni ile ya televisheni zenye miguu minne, palikuwa na mwigizaji wa Marekani aitwaye Harlani. Miaka kumi na miwili aliigiza katika filamu kama sherifu, yaani mkuu wa polisi wa Kimarekani, juu ya farasi. Farasi akianguka, haanguki Harlani. Anaanguka Otisi, aliyeajiriwa kuanguka badala yake, amevaa kofia ya Harlani. Mbavu avunjike Otisi, makofi apigiwe Harlani. Ndiyo dunia.

Uzeeni Harlani akasikia habari za ukame wa nyika yetu ya kaskazini. Akauza shamba, akauza farasi, akaja na Otisi kutuchimbia kisima. Wakachimba mara ya kwanza, vumbi. Wakachimba mara ya pili, vumbi. Ng'ombe wakafa, watoto wakaanza kulegea.

Ndipo mjane Talaso akasema, "Maji yapo pale alipolala Wario wangu."

Mumewe alikuwa akichimba hapo peke yake, miaka tisa nyuma. Shimo likamfukia, likaachwa liwe kaburi. Talaso akakubali lifunguliwe, mifupa ikazikwa upya kwa dua. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, husema watu. Mimi nasema mjane naye aijua.

Harlani akashika kamba ashuke. Otisi akamnyang'anya.

"Tangu lini ukaanguka wewe?"

Akashuka, akachimba, akayapata maji. Ukuta ukabomoka, ukamponda miguu. Wakamtoa hai, lakini hatatembea tena.

Sasa, kwetu kisima hupewa jina la mtu mmoja tu. Huimbwa kila ndoo inapopanda, vizazi na vizazi, na ni mwiko kunywa kabla halijaimbwa. Wazee wakawauliza wote watatu liwe jina la nani.

Otisi akasema, "Maisha yangu yote nimeanguka kwa jina lake. Anguko hili ni langu."

Harlani akasema, machozi yakimtoka, "Nilisifiwa kwa uongo. Hiki ndicho kitu pekee cha kweli nilichofanya, na sikubakiza kitu."

Talaso akasema, "Wageni wangu, Mungu awalipe. Lakini Wario aliyajua maji haya kabla yenu, akayafia. Mkiimba jina jingine, mtakuwa mmemzika mara ya tatu."

Watoto wanalia kiu. Ndoo ya kwanza iko nusu ya njia, na kamba sasa mmeishika nyinyi mnaonisikiliza.

Je, mtaimba jina la nani?