Kibawa cha Jani la Mdanzi

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa shamba!

Basi shamba na liseme, nasi tusikie.

Hapo kale, huko Bonde, alikuwako mkulima Mhina na bintiye Mwantumu. Mwantumu alipozaliwa, baba alizika kitovu chake shambani, akapanda mchungwa juu yake. Pembeni akapanda mdanzi. Miti hii ni ndugu: ua jeupe huku, ua jeupe kule, tunda la duara huku na kule. Ila danzi ukilitia ulimini, kwa uchungu wake utamwita marehemu bibi yako!

Mhina akafa. Hata matanga hayajaanuliwa, mdogo wake Semkiwa akafika kutoka mjini, viatu vinang'aa.

"Mchungwa nauchukua mimi. Mtoto wa kike, mdanzi unamtosha."

"Baba mdogo, kitovu changu kiko pale."

"Kitovu cha mwanamke huenda kwa mumewe!"

Majirani waliokuja matangani wakainama. Nanyi mngenena? Msijibu upesi.

Ulikuwa msimu wa maua, tunda hakuna. Mti upi ni upi? Aliyebaki akijua ni Mwantumu, aliyeipogoa pamoja na baba yake.

"Baba mdogo, niulize mimi."

"Nifundishwe miti na wewe?" Akapapasa mashina. "Huu mnene."

"Niulize."

"Nyamaza!" Akanusa maua. "Huu huu, unanukia zaidi."

"Mara ya tatu, baba mdogo. Kuuliza si ujinga."

Hakuuliza. Akachuma majani. La mti mmoja, kikonyo kina kibawa chembamba kama uzi. La ule mnene, kibawa kipana, kama jani dogo limebeba jani kubwa.

"Jani juu ya jani! Neema hiyo! Mchungwa ni huu, nauchukua. Mashahidi ni ninyi."

"Mmesikia?" akauliza Mwantumu.

"Tumesikia."

Miezi ikapita, matunda yakaiva. Semkiwa akaja na wageni wake wa mjini. Akamenya, akauma. Jamani, uso ule!

"Umenidanganya!"

"Nilikwambia uniulize mara ngapi?"

"Tatu!" wakajibu majirani, safari hii bila kuinama.

Baada ya siku kadhaa Semkiwa akarudi peke yake, viatu mkononi.

"Mwanangu, nasikia mdanzi hubebeshwa jicho la mchungwa, yaani chipukizi kupachikwa gomeni, ukazaa matunda matamu."

"Kweli. Mdanzi ni shina hodari. Haukukosa kitu, ulikosa wa kuujua." Akamwekea majani mawili kiganjani. "Lipi la mti wangu?"

Semkiwa akayatazama, akayageuza, akayatazama tena.

"Nionyeshe, mwanangu."

Ndipo Mwantumu akachukua kisu cha baba yake, akakata jicho la mchungwa.

Hadithi yangu naiacha hapo, kwenye kikonyo. Uliyeiona tamu, imenye ule. Uliyeiona chungu, kaangalie umechuma mti gani.