Wimbo wa Pimbi Uliomezwa na Sanduku la Fisi

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na simu. Wewe unacheka nini? Walikuwa nazo!

Bi Pimbi alikaa miambani na mwanawe, Chepe. Chepe hakupata usingizi wa mchana bila wimbo aliotungiwa na mama yake siku aliyozaliwa. Siku moja Pimbi akauimba kwenye simu, akamtumia bibi yake Chepe.

Kesho yake simu ikalia. Triii! Sauti ikatangaza:

"Wimbo huu umefutwa. Mwenyewe ni Fisi. Ni marufuku kuuimba, hata nyumbani kwako."

Pimbi akawaka hasira. Akashuka mbio mpaka kwenye duka la nyimbo la Fisi.

"Fisi! Wimbo wangu umeupata wapi?"

"Wako? Hahahaa! Sanduku langu hili linanasa kila sauti inayopita kwenye simu. Likiinasa tu, linaandika jina langu. Karatasi ya Mfalme Simba hii hapa: mwenye jina ndiye mwenye wimbo. Jina lako liko wapi?"

"Nimeutunga kwa ajili ya mwanangu!"

"Basi mwambie mwanao aje anunue."

Chepe alilia siku tatu, sauti ikamkauka. Hata mimi ninayesimulia damu inanichemka. Mtu anakupora wimbo wa kumbembelezea mtoto, halafu anakucheka usoni!

Pimbi hakulia. Alijua jambo moja: Fisi humeza tu, hasikilizi. Tena kilikuwa kiangazi kikali, na mto ulikuwa mbali.

Siku ya nne akatunga wimbo mwingine, mtamu ajabu, akamtumia bibi. Sanduku la Fisi likaumeza. Gubu!

Siku hiyo hiyo Fisi akalibeba sanduku mpaka barazani kwa Simba. Wanyama wote walikuwepo.

"Mfalme, nina wimbo mpya!"

"Ni wako kweli?" Pimbi akauliza kutoka nyuma.

"Nyamaza, kijitu! Ni wangu, kila neno! Naapa mbele ya Mfalme!"

Akabonyeza. Sanduku likaimba:

"Mimi mwenye wimbo huu, maji nitawachotea,
Kila nyumba, kila siku, hadi mvua kurejea."

Tembo akainuka taratibu.

"Kwangu kuna mitungi arobaini," akasema.

"Kwetu kumi na miwili!" Nyati akadakia.

Fisi akarudi nyuma hatua mbili.

"La, la! Si wangu! Ni wa Pimbi!"

"Na ule wa Chepe?" Pimbi akafoka. "Sema, wasikie!"

"Wake pia! Nyimbo zote ni za watu! Sanduku linanasa tu!"

Simba akampokonya Fisi ile karatasi, akaichana. Chwaa! Tembo akalikanyaga sanduku. Pwaa!

"Asante, Mfalme," Fisi akasema, huku akinyemelea njia. "Basi mimi naenda zangu."

"Unakwenda wapi?" Simba akanguruma. "Wimbo ni wa Pimbi, lakini kiapo umekula wewe. Chukua ndoo!"

Kiangazi kizima Fisi alipita miambani na ndoo mbili, ulimi nje, hema hema hema. Kila akipita, Pimbi alimpakata Chepe mlangoni na kumwimbia wimbo wake kwa sauti ya juu kabisa, makusudi.

Wanangu, wimbo ni wa aliyeutunga, na anayeuiba hajui hata ameiba nini.