Kwa Nini Maji ya Mkongoleni Hayaogeki

Kile mnachokiona kikipanda kule bondeni si moshi wa wapishi, wala hakuna anayechoma mkaa. Ni mvuke. Ukitumbukiza yai kwenye maji yale unalitoa limeiva, na wageni wanaokuja Mkongoleni kujistarehesha hulifurahia sana jambo hilo, wakapiga picha na kucheka. Sisi wa hapa hatucheki. Zamani, kabla babu za babu zetu hawajazaliwa, maji yale yalikuwa ya uvuguvugu, ya kumwogeshea mtoto mchanga, na mji huu wote uliota pale kwa sababu ya watu waliokuja kuoga ili wapone.

Walikuja wenye baridi yabisi, wenye migongo iliyogoma kunyooka, wenye vidonda visivyofunga. Kisima chenyewe kilikuwa kidogo, kinachukua mtu mmoja tu, naye alipaswa kukaa humo hadi viungo vilegee. Kwa hiyo kulikuwa na zamu, na zamu zilikuwa na mlinzi. Enzi hizo mlinzi alikuwa mwanamke aitwaye Kidawa. Mgonjwa akifika, Kidawa alimfunga mkononi ukindu wenye mafundo, kila fundo siku moja ya kungoja. Siku zikiisha, mtu anaingia majini. Hapakuwa na malipo. Aliyepona aliokota kokoto moja nyeusi, akaitumbukiza kwenye jicho la chemchemi pale maji yanapotokea, akasema asante, akaenda kwao.

Kidawa alikuwa na mtoto mmoja, Mwantumu, msichana wa miaka minane ambaye homa ilimwachia miguu mikavu. Zamu ya kwanza ya kila asubuhi ilikuwa ya nyumba ya mlinzi, na Kidawa aliitumia kumtia mwanawe majini. Mwaka wa kwanza Mwantumu aliweza kukunja magoti. Wa pili akasimama kwa kushika ukuta. Wa tatu akapiga hatua nne, akaanguka, akacheka, na mama yake akashinda akilia kwa furaha. Lakini akikosa maji siku tatu nne mfululizo, miguu ilianza kukakamaa upya. Kidawa hakuwa na haja ya kukumbushwa hilo.

Balaa lilianzia kwenye wema, na hapo ndipo ninapokasirika kila ninaposimulia. Kidawa aliwaonea huruma waliokuwa wakingoja juani, akawajengea banda kubwa la nyasi. Siku moja akapita mfanyabiashara wa misafara, Shebuge, mtu mwenye afya tele, hata kikohozi hana. Alibeba bao na mfuko wa komwe za kuchezea kutoka pwani.

"Mama mlinzi," alisema, "hawa watu watakufa kwa kuchoka kungoja kabla ugonjwa haujawaua. Niruhusu niwachangamshe."

Kidawa akaona ni jambo jema, akamruhusu. Watu wakacheza, wakataniana, wakasahau maumivu. Baadaye mchezo mtupu ukawachosha, wakaanza kuwekeana dau. Na mgonjwa ana nini cha kuweka? Alikuwa na ukindu wake mkononi. Aliyeshindwa alifungua ukindu wenye fundo moja akampa mwenzake, akajifunga wenye mafundo ishirini. Kidawa aliona, akajiambia kuwa hayo ni mambo ya watu wazima. Shebuge naye akacheza, dau lake bidhaa za msafara, na kabla ya masika kuisha alikuwa amevaa ukindu kutoka kifundo cha mkono hadi kiwikoni. Akabomoa banda, akajenga nyumba ya mawe yenye baraza pande zote nne. Wakaanza kuja watu wa miji ya mbali, wamevaa wakapendeza, hawaumwi popote. Walikuja kwa ajili ya nyumba ile, na kisimani waliingia kujiburudisha tu, huku wagonjwa wenyewe wamelala chini barazani.

Miongoni mwao alikuwa Bibi Nyamvula, kikongwe aliyebebwa na wajukuu zake kwa machela siku sita njiani. Alicheza mara moja tu, akapoteza zamu. Alimshika Kidawa nguo.

"Mwanangu, nimefanya upumbavu, najua. Nirudishie siku yangu. Sina nguvu ya kungoja nyingine."

Kidawa angeweza kusimama mlangoni akasema kwamba mlinzi ni yeye na zamu hazichezewi. Yangekwisha siku ileile. Lakini alimwogopa Shebuge, maana mji mzima ulikuwa unakula kwake, basi akaona afadhali aketi naye na kumshindia bibi zamu yake kwenye bao.

Akashinda, na kushinda huko ndiko kulikommaliza. Bibi Nyamvula alioga, na Kidawa akarudi kesho yake kuwashindia wengine. Akarudi na kesho kutwa. Ukimuuliza, alikuwa anawasaidia wagonjwa, na siku za mwanzo ilikuwa kweli tupu. Ila mkono ulishaonja. Alikuwa akisonga ugali huku akihesabu mashimo ya bao kichwani, ugali ukaungua. Siku aliyokosa cha kuweka, Shebuge alimwambia kwa upole, "Una zamu ya alfajiri, mama." Kidawa akaiweka. Kete yake ya mwisho ikalala kwenye shimo tupu, Shebuge akazila zilizobaki, na zamu ya Mwantumu ikaenda.

"Mama, leo hatuendi?" Mwantumu aliuliza asubuhi.

"Kesho, mwanangu."

Alisema kesho siku tisa. Siku ya kumi Mwantumu hakuuliza. Alijaribu kusimama kwa ukuta, magoti yakakataa, akajivuta kwa makalio hadi mlangoni, akakaa pale akiitazama njia ya kisimani. Kidawa alishindwa kumwangalia. Msije mkadhani hakumpenda. Alimpenda mno, na kila alipoketi barazani alijiambia kuwa anacheza kwa ajili yake.

Siku hiyo alikwenda kwa Shebuge kuomba mchezo mmoja wa mwisho.

"Huna dau," Shebuge alisema, "na asiye na dau simwazimi komwe zangu." Kisha, ili awachekeshe waliokaa, akaongeza: "Labda uweke ulinzi wenyewe. Ukishinda, chukua zamu zote hizi nilizovaa. Ukishindwa, mimi ndiye nitakayefunga watu ukindu. Lakini uje na kete zako!"

Baraza lote likaangua kicheko, kwa sababu kutoka Mkongoleni hadi penye mti wa komwe ni mwendo wa mwezi mzima. Kidawa hakucheka. Alishuka hadi kwenye chemchemi, akapiga magoti.

Kila mlinzi aliachiwa neno moja na aliyemtangulia: kwamba watu wa kwanza waliyakuta maji yale yakitokota, kwamba shukrani za waliopona ndizo zilizoyatuliza, kokoto baada ya kokoto, na kwamba kokoto ikishaingia haitolewi. Kidawa alilijua neno hilo tangu usichana. Akaingiza mkono kwenye jicho la chemchemi akachomoa kokoto sitini na nne, laini, zote karibu sawa. "Naziazima tu," alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu. "Zitarudi leo leo."

Walianza kucheza jua likiwa la saa tatu. Ilipofika alasiri, safu ya mbele ya Shebuge ilikuwa tupu, na barazani hakuna aliyekuwa akicheka tena. Shebuge akavua ukindu mmoja mmoja, wote, akauweka mapajani mwa Kidawa. Mwanamke yule alizifumbata kokoto kwenye nguo yake, akakimbia nyumbani, akambeba Mwantumu mgongoni.

"Leo, mwanangu! Leo na kila siku!"

Mwantumu alicheka akamkumbatia shingo. Wakateremka. Katikati ya njia wakapishana na watu wanaopanda mbio, mmoja akilia, ngozi ya miguu yake imebabuka. Kidawa hakusimama kuuliza. Alipofika kisimani aliyakuta maji yanachemka, yanarukaruka, mvuke umeficha hadi ukingo wa pili. Akatupa kokoto zote sitini na nne mahali lilipokuwa jicho. Maji yakazimeza, yakaendelea kuchemka. Akaokota nyingine, na nyingine, akazitupa akisema asante, asante, asante, mpaka sauti ikakauka.

"Mama, turudi," Mwantumu alisema. "Mama, naungua."

Kidawa alikaa ukingoni hadi giza likaingia, akingoja yapoe. Alirudi kungoja kesho yake, na mwaka mzima uliofuata. Wagonjwa walioweza kutembea waliondoka, wasioweza wakazikwa hapa. Mwantumu hakusimama tena maisha yake yote. Alikua na kuzeeka akiwa amekaa mlangoni, na zamu zote za Mkongoleni zilikuwa zake. Na Shebuge? Hakupoteza kitu. Wageni wake hawakuwa wamefuata maji, na nyumba yake haikufungwa hata siku moja.

Basi tangu hapo maji ya Mkongoleni huchemka na hayaogeki, na nyumba ile ipo, imepakwa chokaa upya mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka mtu, na watu hutoka kila upande kuja kucheza humo. Wanawake wetu wakipita penye mvuke bado hutupa kokoto, na maji hayapoi. Hayawezi kupoa. Kokoto za kuyatuliza lazima zitoke mkononi mwa mtu aliyepona, na hakuna atakayepona hapa mpaka maji yapoe.