Ramani Isiyo na Kipanya

Mkulima hodari hangoji jembe jipya ndipo alime. Hulichukua lililopo, akalinoa, na mvua inaponyesha shamba lake liko tayari. Ukweli huo ulimfika Mtaalamu mchana kweupe, akiwa kazini.

Wenzake walimpachika jina hilo kwa wingi wa vyeti vyake. Kazi yake ilikuwa kuongoza magari ya wagonjwa kwa ramani ya kompyuta, katika chumba cha simu za dharura. Vipanya vya kompyuta vilipoharibika, alijaza fomu ya kuomba vingine, kisha akakunja mikono. "Nipeni vifaa muone kazi," alijigamba kutwa, hadi masikio ya watu yakachoka. Mama wa zamu, mfanyakazi mwenzake mwenye miwani iliyofungwa uzi, hakunung'unika. Kila mapumziko alijifunza kuiendesha ramani kwa kibodi: mishale kuisogeza, alama ya kujumlisha kuikuza, ya kutoa kuipunguza.

"Mama, hayo mambo ya kizamani," Mtaalamu alimtania.

"Kwani mimi nimezaliwa jana?" alijibu, wakacheka.

Wiki ya tatu bila vipanya, simu ikalia mezani kwa Mtaalamu. Mwanamume alikuwa akihema. "Mke wangu amejifungua, damu haikatiki! Tuko nyuma ya kiwanda cha matofali!"

Mtaalamu aliandika jina la kiwanda. Ramani ikafika langoni, ikagota hapo. Vichochoro vya nyuma vilikuwa nje ya kioo, naye hakujua kuvifuata. Dereva wa gari la wagonjwa lililotumwa akaita redioni, "Barabara ya kiwandani imechimbwa! Nipite wapi?"

"Nipishe, mwanangu," alisema mama wa zamu, akakaa, akashika simu. "Baba, hapo nje unaona nini?"

"Tangi la maji, jekundu!"

Mshale wa juu mara tatu, wa kulia mara mbili. Tangi likajitokeza kwenye picha, dogo kama punje ya mtama. Vidole vyake vilikimbia naye hata havitazami. Alikwisha kupima kwamba kila mbonyezo ni mita mia, kwa hiyo alihesabu tu. "Dereva, geuza. Ingia kushoto penye kinyozi, mita mia tatu, kisha kulia mia mbili. Usikate tamaa ukiona njia nyembamba, gari linapita."

Mtaalamu alisimama nyuma yake. Alimhusudu, akamheshimu, akajionea haya, vyote kwa mpigo.

Baada ya muda muuguzi wa garini akasema redioni, "Tumemfikia, damu imekatika. Tungechelewa dakika tano, tungemkosa."

Mtaalamu alifuta macho. "Mama, ningekuwa peke yangu, yule dada angekufa mkononi mwangu."

"Hukuwa peke yako. Vuta kiti, tuanze na mishale."

Alivuta kiti bila kuuliza habari za fomu yake. Ama kweli, mchagua jembe si mkulima.