Kitambaa cha Bibi Nyamizi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Pakawa mtama kinuni. Twa! Twa! Twa! Kabula anatwanga, kitambaa cheupe kimemfunga macho.

Zamani hizo kijiji kilishinda ndani ya ukungu, na mganga wa macho alikuwa mmoja tu, Bibi Nyamizi. Kabula alitaka kujifunza kazi yake upesi. Mama yake alikuwa na vikope: kope zimepinda ndani, zinakwaruza jicho, kwaru, kwaru, na nuru inakwenda. Lakini mama hakumruhusu mtu kumgusa uso.

"Nifundishe kushika kibano cha kung'olea kope, Bibi."

"Twanga kwanza."

"Hivi nilivyofungwa? Mtama wote uko chini!"

"Kuku wanashukuru. Twanga."

Twa! Twa! Mara jirani akaingia anahema. "Kabula! Mama yako kajikwaa jikoni, kaungua mkono!"

Kabula akashika fundo la kitambaa.

"Usifungue," Bibi Nyamizi akasema. "Nifuate mimi."

Wakaenda. Njia ilikuwa nyeupe, maziwa matupu. Miti ilisikika kabla haijafika. Moshi ulipita kama mtu wanayefahamiana naye. Ghafla kitu cha baridi kikamshika shavu. Kabula akapiga yowe.

"Ni mkono wangu tu."

"Si ungesema kwanza, Bibi!"

"Ehee. Sasa umeanza kusoma."

Nyumbani Kabula alianzia mlangoni. "Mama, ni mimi. Nakuja kuliani kwako. Nakaa. Sasa nakushika paji la uso."

Mama akatulia. "Wenzako hunivamia kama kuku wa kuchinjwa."

Wakaupoza mkono kwa maji. Kisha Kabula akavua kitambaa, akashika kichwa cha mama. Bibi Nyamizi aling'oa kope, Kabula akasema.

"Kibano kinakuja, Mama. Ukope huu hapa." Nyii!

"Mwingine." Nyii!

Mkwaruzo ukakoma. Mama akafumbua macho taratibu, machozi yakimtiririka.

"Wewe Kabula! Pumba mpaka kwenye nyusi?"

Kibano chenyewe Kabula alikuja kukishika baada ya masika mengi. Anayetaka kutibu macho aanze kwa kukaa gizani na mgonjwa, na aseme kabla ya kugusa.

Ugali ukapakuliwa, wa moto, na mlenda. Mama akatazama mmoja mmoja. "Bibi Nyamizi yupo. Jirani yupo, haondoki bila kula. Kabula yupo. Nami nipo."

Hadithi yangu imeketi hapo, inanawa mikono.