Waliompandisha Shemboza

Hapo zamani, watu walipokuwa wakijisifu kuliko wanavyopika, palikuwa na miji mitatu iliyopakana kwenye nyika moja kavu.

Wa kwanza ni Nasabani. Huko waungwana walizaliwa na kucha za shaba, wengine wakazaliwa na kucha kama zako na zangu. Kucha ya shaba haifui, haibebi, haifagii. Kazi yake kung'aa.

Wa pili ni Mtihanini. Huko kucha haziulizwi. Kasuku mkongwe aliuliza swali: ukijibu unapanda ghorofani, ukishindwa unabaki uwanjani na mbuzi. Mlango wazi kwa wote! Ila kasuku alipenda kuuliza ladha ya vyakula vya ghorofani.

Wa tatu ni Mikononi. Huko kila jambo liliamuliwa kwa kuinua mikono, na mikono yote sawa. Mwenye shamba, basi, aliazima mikono ya vibarua wake. Ilichomoka begani kama mipini ya majembe, akaiinua yote kwa pamoja, jioni akairudisha.

Shemboza, mchimba visima, alizaliwa Nasabani na kucha zisizong'aa. Akahamia Mtihanini, akaangushwa na swali la halua. Akahamia Mikononi, mikono yake ikaazimwa hata mkewe Mwajabu akawa anamlisha.

Ukame ulipoingia, miji mitatu ikapatana: kichimbwe kisima mipaka inapokutana, na mchimbaji akipata maji apewe kiti barazani na wakubwa. Shemboza akarudishiwa mikono yake, lakini akasita. Udongo wa pale ulikuwa wa kuporomoka.

"Mume wangu," Mwajabu akamwambia, "wenzangu wanakaa vitini, mimi hata mkeka naazima. Chimba."

Akachimba. Akayapata maji. Papo hapo ukuta ukaporomoka, kamba yake ikakatika, naye akabaki chini, maji kiunoni na yanapanda.

"Mwajabu! Maji yamepatikana, ninayepotea ni mimi!"

Mwajabu akapiga ukunga. Wakubwa wakaja mbio, mbio za kukimbilia maji.

Mwinyi Fumbwe wa Nasabani alikuja na kamba nene. Akaitazama, akamtazama Shemboza. "Kamba hii ni ya waungwana. Akiishika yeye, imenajisika."

Maji kifuani.

Bi Sikudhani, msomi wa Mtihanini, alikuja na gogo, naye alijua kulifunga juu ya kisima ili kamba isisagike ukingoni. "Lakini elimu haitolewi ovyo," akasema, akainama. "Shemboza! Zabibu huliwa kabla ya pilau au baada?"

"Sijawahi kuziona!"

"Amekosa," akasema Bi Sikudhani, na kweli alihuzunika. "Arudie mwakani."

Kilongola, msemaji wa Mikononi, alikuja na mafurushi ya mikono. "Tusikurupuke. Tuamue kwanza kama yumo kisimani." Mikono ikainuliwa. Wengi wakaamua hayumo.

"Nimo!" akalia Shemboza.

"Ndugu yangu, wewe huna mkono katika kikao hiki," Kilongola akamjibu kwa upole.

Maji shingoni. Huko chini Shemboza hakuona hasira, aliona aibu. Alikumbuka alivyokuwa akijizoeza kukunja nne juu ya kigogo cha kuni, apate kukikalia vyema hicho kiti chao.

Mwajabu alikuwa amewabembeleza mpaka sauti imemkauka. Sasa akajifuta uso, akasema, "Mwacheni afe. Mtakunywa maiti."

Wakubwa wakatazamana.

"Nimekumbuka!" akasema Fumbwe. "Bibi yake alikuwa binamu yetu." Kamba ikashushwa.

"Zabibu humo humo ndani ya pilau!" akasema Bi Sikudhani. "Shemboza, sema 'ndani'!"

"Nda—" Akabugia maji.

"Amefaulu!" Akalifunga gogo.

Kilongola akaitisha mikono tena. Ikaonekana kumbe yumo. Mikono ikashika kamba, lakini kamba ikapelea. Mwajabu akavua kanga yake ya juu, akaifunga kwenye ncha ya kamba, akalala kifudifudi ukingoni akiielekeza hadi mumewe akaishika. Wakavuta. Shemboza akatoka, anatapika maji.

Kabla hajakauka, ugomvi ukaanza.

"Kisima changu," akasema Fumbwe. "Bila kamba yangu mngevuta nini, upepo?"

"Bila gogo langu kamba yako ingekatika ukingoni," akasema Bi Sikudhani.

"Bila mikono yangu mngekaa mkitazama kamba na gogo," akasema Kilongola.

"Na bila kanga yangu?" akauliza Mwajabu.

Wakacheka. "Una kucha?" "Umefanya mtihani?" Kilongola akatikisa kichwa. "Mkono wa mke huhesabiwa kwa mumewe, na mumewe tulishaamua kuwa hayumo."

Mwishowe wakakubaliana: Shemboza mwenyewe ataje aliyempandisha. Atakayetajwa ndiye mwenye kisima.

Mwajabu akamsogelea, akamnong'oneza, "Nitaje mimi. Kisima kiwe chetu, wao wapange foleni."

Shemboza akamtazama mwanamke aliyemtuma chini na aliyemtoa. "Maji utayagawaje?"

"Kwa utaratibu. Ndugu zetu kwanza. Kisha wenye akili. Waliobaki wainue mikono."

Shemboza akawatazama wote wanne. Nyuma yao watu wa miji mitatu walisimama na ndoo tupu, midomo imepasuka kwa kiu, wanangoja neno lake. Akafungua kinywa.

Haya, wenzangu, msinikodolee macho mimi. Hukumu naiweka mikononi mwenu. Mwenye kamba, mwenye gogo, mwenye mikono, mwenye kanga: je, nani hasa alimpandisha Shemboza, na kisima alikistahili nani?